Tandiko la Ngozi la Atlee

"Kwani kaka yako anahama?"

Jirani yangu Erma Schlabach aliniuliza hivyo siku moja ya Oktoba, tukianika nguo, kila mtu upande wake wa ua. Nikageuka kutazama barabarani. Atlee alikuwa anapita na baiskeli, kichwa ameinamisha, ndevu zimepeperukia begani, na nyuma anavuta kitoroli kilichojazwa vyuma, kamba, mfuko na upinde. Juu ya vyote lilikuwa lile tandiko la ngozi, limekaa kama kuku anayeatamia.

"Anaenda kuwinda," nikamjibu.

"Na jiko la mkewe Mattie amelibeba?"

Nilicheka kwa sababu Erma ni mchekeshaji na hana ubaya. Lakini nilipoinama kuchukua shuka nyingine kwenye kapu, kicheko kilikuwa kimeisha. Yeye alikuwa anatania. Sisi wa nyumbani tulikuwa tunauliza swali hilo hilo kwa dhati, kwamba mzigo ule utamfikisha wapi mtu anayekaribia miaka sitini, tena mwenye nyonga mbovu.

Atlee Raber ni mtoto wa kwanza wa mama yetu, na mimi ndiye wa mwisho. Ni fundi wa ngozi. Anashona mikanda, hatamu na makola ya wale farasi wakubwa wa kulimia, na katika vilima vyetu mkulima akisema "hii ni ya Atlee" anamaanisha itabaki hata farasi akifa. Mkono wake hauna haraka. Pale fundi mwingine anapopitisha uzi mara moja yeye anapitisha mara mbili, kisha akishamaliza kila kitu anarudi kuongeza mshono wa tatu, ili apate usingizi, ndivyo anavyosema.

Wapo wanaume wa kwetu wanaowinda kulungu wakiwa ndani ya kibanda cha mbao kando ya shamba la mahindi, jiko dogo la mafuta liko miguuni, wanasinzia mpaka kulungu apite mwenyewe. Atlee hawezi hilo. Yeye anahamahama. Leo mti huu, kesho ule, anafuata mahali zinapoangukia mbegu za mwaloni, ambazo kulungu wanazipenda. Anafunga vipande vya ngazi kwenye shina, anapanda, anaweka kibao kidogo cha kukanyagia, kisha analikalia tandiko, ambalo ni mkanda mpana unaopita chini ya makalio na kushikwa na kamba iliyofungwa mtini. Hapo ananing'inia kimya, anauegemea upepo. Kila anachopanda nacho lazima ashuke nacho, na kila anachoshuka nacho lazima kipite mgongoni kwake.

Na mahali anapopapenda ni Mgongo wa Stutzman, kilima kirefu ndani ya msitu wa serikali. Baiskeli inaishia getini. Baada ya hapo kuna kijito, halafu kinamasi, halafu mteremko ambao mbuzi angeufikiria mara mbili.

"Kulungu wakubwa wako juu," huwa anasema, "kwa sababu wanadamu wavivu wako chini."

Wifi yangu Mattie alivumilia miaka mingi. Lakini baridi iliyopita Atlee alirudi kutoka Stutzman akashindwa kupanda ngazi za barazani kwake mwenyewe. Mattie alimvuta kwa mkono, akamkalisha, akamvua viatu, akangoja chakula kiishe. Nilikuwepo mezani.

"Msimu ujao," akasema, "ukimshusha kulungu kutoka Stutzman kwa mgongo wako mwenyewe, sitafungua mdomo tena. Usipomshusha, unakwenda kukaa kibandani na baba yangu."

"Baba yako anakoroma."

"Utakoroma naye."

Atlee akanyoosha mkono juu ya meza, wakashikana, wakakubaliana. Na mtu wa kwetu akishakubali kitu mbele ya mkewe na dada yake, amekubali.

Hapo ndipo ilipoanza habari ya kupunguza uzito wa mzigo.

Mimi nafanya kazi kwenye karakana ya barabara ya chini. Tuko wanawake peke yetu, tunashona mikanda ya nailoni ya waezekaji, ile inayomshika mtu akiteleza kwenye paa. Mashine zetu zinaendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, maana kanisa letu halitumii umeme, na kwenye boriti ya nyuma kuna mizani ya ndoano ambayo zamani ilikuwa ya kupimia magunia ya malisho. Mwezi Agosti Atlee alikuja akautundika mzigo wake wote pale. Mshale ukapita ratili hamsini, ukatikisika, ukaendelea. Wasichana wakaacha kushona.

"Mjomba, kulungu akikuona hivyo atakusaidia," akasema mmoja.

Atlee hakucheka. Alitazama mshale ule kama mtu anayetazama bili ya hospitali.

Kwanza akaanza na vipande vya ngazi. Vilikuwa vya chuma, akavitoboa matundu kila mahali palipokubali kutobolewa, wiki nzima, mpaka vikafanana na jibini yenye matundu. Akavipima, akafurahi, akaenda navyo msituni siku ya kwanza ya msimu. Upepo ulipovuma, vikapiga filimbi. Namaanisha filimbi hasa, kila kipande na sauti yake. Alikaa juu kule anasikiliza mti wake ukiimba, na kulungu wote wa Stutzman nao wakisikiliza, kwa mbali. Kesho yake akayaziba matundu kwa nta ya nyuki. Alipotundika tena mizanini, nusu ya uzito ulikuwa umerudi.

"Nta nayo ina uzito," akaniambia, kama vile mimi ndiye niliyeipa.

Akageukia kamba. Akakata ile ya kuzungushia mti, kwa hesabu ya mti mwembamba. Akafika Stutzman, mbegu zimeangukia chini ya mwaloni mnene, kamba ikakosa kiasi cha kiganja kuzunguka. Akasimama pale ameukumbatia mti, huku na huku, mikono haikutani. Akarudi nyumbani bila kupanda. Siku hiyo alipita mbele ya nyumba yangu bila hata kunisalimia.

Baada ya kamba kikafuata chakula. Akaacha chupa ya kahawa, akaacha mkate na soseji, akabaki na tufaha moja. Mattie naye ana mbinu zake. Siku moja Atlee alifika juu ya mti, akaingiza mkono kwenye mfuko kutafuta glavu, akakuta kipande cha pai kimefungwa kwenye taulo, na kwenye bakuli la udongo.

"Bakuli la udongo!" alimpigia kelele jioni. "Mattie, mimi nakata vishikizo vya zipu na wewe unanitilia bakuli!"

"Pai ingepondeka," akasema Mattie.

"Ningeila iliyopondeka!"

"Kwa hiyo uliila?"

Atlee akageuka kutundika kofia. Aliila.

Mpwa wetu Firman, ambaye ni mwezekaji na ana mdomo mrefu kuliko ngazi zake, alimwona siku moja anakata ukingo wa kibao kwa msumeno.

"Mjomba, unahangaika bure. Nyoa hizo ndevu, unapungua ratili tano hapo hapo."

"Na wewe ukikatwa ulimi, paa zitapumzika."

Mwisho akaacha koti. Lile koti zito la sufu aliloshonewa na Mattie, akaliacha msumarini, akavaa sweta mbili. Akawa anarudi midomo ya bluu, vidole haviwezi kufungua mlango. Nilikuwa namsikia kutoka kwangu, maana naishi kwenye nyumba ndogo iliyoungana na yao, anabisha kwa kiwiko. Nikawa naomba, Bwana, mfungue macho huyu mtu, kwa sababu sisi wengine tumeshachoka kusema.

Maana kila mtu aliona. Erma aliona kutoka kwenye kamba ya nguo. Wale wasichana wa karakana waliona. Kijana mmoja wa nje ya kanisa letu, wale wenye magari, alikutana naye kwenye kinamasi, yeye ana kifurushi kidogo mgongoni kama cha mtoto wa shule, akamuuliza Atlee kwa adabu kabisa kama lile la ngozi ni la farasi na farasi yuko wapi.

Tatizo lilikuwa ni tandiko. Alilishona kwa ngozi ya mkanda wa kuvutia plau, tabaka mbili, mishono mitatu, bizimu za shaba, na chini akaweka manyoya ya kondoo. Lingemshika farasi mtini. Likiwa kavu lilikuwa zito, na likinyeshewa lilikunywa mvua mpaka likashiba. Akalipaka mafuta ili lisinywe, mafuta nayo yakaongeza uzito, tena yakanuka, kulungu wakawa wanapiga chafya kutoka mbali na kugeuka. Alitoboa kila kitu, alikata kila kitu, alijinyima kila kitu, lakini tandiko hakuligusa hata kwa wembe.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa upole, tumekaa barazani tunamenya tufaha.

"Kaka, na tandiko je?"

"Tandiko limefanya nini?"

"Ndilo zito kuliko vyote."

"Ndilo linalonishika, dada."

"Kuna mikanda mepesi inashika watu kila siku. Firman anavaa—"

Akaweka kisu chini. "Ile yenu? Uzi wa plastiki ni wa kufungia gunia la viazi. Sikai juu ya uzi wa plastiki."

Sikuendelea. Na yeye anajua kwa nini sikuendelea. Miaka ya nyuma waezekaji wote wa vilima hivi walivaa mikanda ya Atlee. Halafu karakana ya nailoni ikafunguliwa, mikanda yetu ikawa myepesi, haiozi kwa jasho, na mmoja mmoja wakahama. Wa mwisho kuhama alikuwa Firman. Na kwenye karakana hiyo, mashine ya tatu kutoka dirishani, anakaa dada yake mwenyewe. Atlee hajawahi kunilaumu kwa hilo. Sikukuu akija kwangu analeta kuni. Lakini hajawahi kuushika mkanda nilioushona.

Ikaja Jumamosi moja ya Novemba, wakati madume ya kulungu yanahangaika kutafuta majike na kutembea ovyo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Jua likielekea kuzama, dume kubwa likapita chini ya mwaloni wa Atlee, naye akalipiga vizuri. Halikwenda mbali. Akashuka, akalikuta limelala kwenye majani, akalipasua, akapiga magoti akamshukuru Mungu. Hayo alinisimulia mwenyewe, na mpaka hapo sauti yake ilikuwa ya furaha.

Halafu akasimama katikati. Huku dume, huku mzigo. Tandiko limelowa chapachapa. Alijaribu kulivaa tandiko na kumburuta dume, akaenda hatua chache, nyonga ikakataa. Alijua anaweza kuchukua kimoja. Dume likibaki, mbweha wapo. Tandiko likibaki, msitu ni wa watu wote, anaweza asilikute. Ili kuwatisha mbweha, mtu huacha nguo yake yenye jasho juu ya nyama. Koti lilikuwa nyumbani msumarini. Sweta akizivua atakufa na baridi. Akamwekea dume kofia yake kwenye pembe, akabeba tandiko na vyombo vyake, akashuka.

Alipofika nyumbani hakuweza kukunja goti. Firman alikuwa kaunti nyingine kwenye harusi, wavulana wengine hawapo, na Mattie alisimama mlangoni na mikono kiunoni, asimruhusu kurudi msituni usiku. Ikawa ndiyo hivyo. Kesho yake ni Jumapili, na ibada, ambayo kwetu huzunguka nyumba kwa nyumba, ilikuwa zamu ya kwa Erma.

Sijawahi kuona mtu akikaa kwenye benchi kama Atlee alivyokaa siku ile. Kofia ya Jumapili iko magotini, anaizungusha. Tukiimba, mdomo wake unafunguka lakini macho yako dirishani, upande wa Stutzman. Wakati wa chakula, watu wanapaka siagi ya karanga kwenye mkate na kupitishiana matango ya siki, yeye alimfuata shemasi kule kwenye zizi. Nilikuwa nabeba birika la kahawa, nikasikia.

"Kumshusha mnyama aliyekwisha kufa, ni kazi ya kuvunja Jumapili?"

"Utamshusha na viatu gani?"

"Vya kazini."

"Basi umeshajijibu, Atlee."

"Ni nyama ya watu, itapotea."

"Najua. Mimi nina majani yangu yamelala shambani na mvua inakuja. Kunywa kahawa."

Atlee alikunywa kahawa ile kama dawa.

Jumatatu kabla ya kazi tulikwenda watatu, yeye, Firman, na mimi nikibeba mifuko ya nyama. Alitembea mbele, bila mzigo, na nikashangaa jinsi anavyopanda. Kaka yangu bado ana miguu. Nyonga ilimsumbua, ndiyo, lakini alipanda mteremko ule na kutusubiri juu.

Mbweha walikuwa wamemaliza. Mbavu zilikuwa nyeupe, mapaja hayapo, manyoya yametapakaa kwenye majani. Kofia ilikuwa bado imening'inia kwenye pembe, salama, haikuguswa.

Firman alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Nilimpenda kwa hilo.

Atlee alitoa kofia, akaipangusa, hakuivaa. Kwetu kuua mnyama na kuacha nyama ioze si jambo la kucheka, na hakuna mwanamume anayetaka lisemwe juu yake.

"Nilibeba ngozi," akasema. "Nikaacha nyama."

"Mjomba, hata mimi—" Firman akaanza.

"Hapana. Nilichagua. Nilikuwa na mikono miwili na nikachagua ngozi."

Tulishuka na mifuko mitupu. Huko nyumbani Mattie aliangalia mifuko, akaangalia uso wa mumewe, akaenda kuongeza kuni kwenye jiko. Hakutaja kibanda. Hata jioni hakutaja. Atlee ndiye aliyekitaja, kwenye meza, macho kwenye sahani.

"Makubaliano ni makubaliano. Mwambie baba yako anifagilie upande mmoja."

"Msimu haujaisha," akasema Mattie.

"Kwangu umeisha."

Akaning'iniza upinde ukutani. Siku zikapita hivyo, kila nikipita karakana yake nasikia nyundo ya ngozi, taratibu, bila ile mbinja anayopiga akifanya kazi. Nilikasirika, nikiri tu. Nilikasirika kwa sababu yule mwenye miguu ya kupanda Stutzman alikuwa anakwenda kukaa kwenye sanduku na mzee anayekoroma, kisa mkanda. Niliomba nisikasirike, na nikiamka asubuhi hasira ilikuwa pale pale, imenisubiri.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, alikuja kwenye karakana yetu. Ilikuwa saa ya chai, mashine zimezimwa. Alikuwa amelibeba tandiko begani. Hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye boriti, akalitundika ndoanoni, peke yake, bila vyuma, bila kamba, bila mfuko. Mshale ukashuka. Akausoma. Wasichana wakashika vikombe vyao bila kunywa.

Halafu akaja kwenye meza yangu. Kulikuwa na rundo la mikanda ya waezekaji niliyomaliza asubuhi. Akachukua mmoja, akaugeuza upande wa ndani, akapitisha ukucha wa gumba juu ya mshono, taratibu, kama anavyofanya akikagua kazi ya mwanafunzi wake. Akaurudia. Akatafuta mahali uzi unapoishia, hakupaona, akauleta karibu na macho.

"Huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Kwenye pembe umerudia."

"Narudia kila mara."

"Nani amekufundisha kurudia?"

"Si nilikuwa nakaa chini ya meza yako," nikasema. "Nikiwa mdogo. Ulikuwa unanipa vipande vya ngozi nijaribu."

Akakaa kwenye kiti cha mteja. Akauvuta mkanda kwa mikono miwili, akauwekea mguu, akauvuta tena mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Mkanda haukusema kitu. Akaukunja, ukaingia kwenye kiganja chake, akaufunga mkono, akaufungua, akaufunga tena.

"Firman aliwahi kuanguka?" akauliza.

"Mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwenye zizi la kina Erma. Alining'inia, akaomba apandishiwe maji ya kunywa."

Mmoja wa wasichana akacheka, na nikaona ndevu za Atlee zimetikisika kidogo. Kisha zikatulia. Akarudisha mkanda kwenye rundo, akaunyoosha ulingane na mingine, akaweka mikono magotini. Masikio yake yalikuwa mekundu, na si kwa baridi.

"Dada," akasema, "nishonee tandiko la nailoni. Msimu unafungwa mwanzoni mwa Februari."